Sahani ya Bi Maisara

Watu wa filamu walipokuja mtaani kwetu Kuze, Mombasa, jambo la kwanza walilofanya ni kuniziba dirisha. Walisimamisha taa kubwa usawa wa cherehani yangu, nikawa siioni tena ngazi ya Bi Maisara. Nikatoka nje na mkasi mkononi, nikawaambia kwamba dirisha hili nimelikalia tangu niolewe na haliwezi kuzibwa na mtu wa kupita. Kijana wa taa akanuna. Lakini mwenye filamu, msichana mrefu wa Nairobi aitwaye Beryl, akacheka na kuamuru taa isogezwe, kisha akaniuliza nimeona nini dirishani miaka yote hiyo. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwashonea nguo na kuwaambia wanapokosea. Walikosea sana. Zilpah, mwigizaji aliyepewa nafasi ya Bi Maisara wa uzeeni, mama mpole wa Machakos, alijifunga leso kana kwamba anafunga mzigo, na nilimfungua na kumfunga upya mpaka akaanza kunikimbia. Beryl alitaka kila kitu kiwe sawa, hata namna tunavyovua viatu mlangoni. Mimi nilitaka kitu kimoja tu, na sikumwambia mtu. Nilitaka kujua kwa nini Bramwel aliondoka.

Bi Maisara ninayemsema ni yule yule mnayemdhania, kama mna umri wa kumkumbuka. Alipokuwa msichana aliigiza katika filamu tatu, na katika mojawapo alisimama varandani na gauni la mikono mifupi akaimba. Marehemu babangu alikataza jina lake lisitajwe nyumbani kwetu, kisha akaenda kuitazama filamu hiyo mara mbili. Baadaye Bi Maisara akaolewa, akamzaa Zakariya, akafiwa na mume, akatulia ghorofani kwake na maua yake ya vikopo. Mji ukamheshimu kama unavyowaheshimu watu usiowatarajia tena kufanya jambo lolote.

Kisha, yeye akiwa na sitini na ushei, akaja Bramwel.

Bramwel alikuwa mwendesha kreni bandarini, mtu wa Kakamega, hajafika arubaini. Utotoni mwake gari la sinema lilifika shuleni kwao, likatundika shuka jeupe ukutani, na juu ya shuka hilo akamwona Bi Maisara akiimba. Alipohamia Mombasa kikazi aliulizia mpaka akaambiwa nyumba ni ile, akapanga chumba upande wa pili wa uchochoro. Siku aliyopata ujasiri wa kumwamkia alikosa la kusema, akamwuliza kama ana kitu kibovu cha kutengenezwa. Alianza na feni. Ikafuata bomba, taa ya ngazi, kitasa cha mlango, mpaka nyumba nzima ikawa haina kibovu, na bado anakuja.

Mji uliwaka moto. Wengine walisema anaitaka nyumba, wengine wakasema mama wa watu amerogwa. Bramwel akaanza kwenda kwa maalim mmoja Majengo kujifunza dini, watu wakasema hiyo ni geresha. Asubuhi moja akaonekana akishuka ngazi ile amevaa kikoi, na kikoi kwetu si vazi la kutengenezea bomba. Mimi nilikuwa dirishani na niliona. Siku hiyo hiyo Zakariya akaja mbio kutoka dukani kwake, akamngoja Bramwel chini, akamwambia asikanyage tena ngazi ya mamake. Bramwel hakubisha. Alitoa neno lake kwamba hatapanda, na kweli hatukumwona tena akipanda. Haikupita muda mrefu akahamishwa kikazi kwenye bandari kavu ya Naivasha, akaondoka bila kuaga.

Kuanzia hapo watu waliacha kumtukana Bi Maisara na kuanza kumwonea huruma, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi. Maskini Bi Maisara, walisema, ametumiwa akatupwa. Miaka inakaribia minane sasa na neno hilo maskini halijamtoka. Kwa hiyo niliposikia amekubali kutengenezewa filamu, na kwamba filamu yenyewe haihusu sana ule ujana wake bali mambo ya Bramwel, nilipanda kumwuliza kama ana akili timamu.

"Bi Maisara, wewe hili lakufaani? Watu washasahau."

"Hawajasahau. Wamechoka tu." Alikuwa akimwagilia vikopo vyake. "Mwanakuu, nataka nimuone akiondoka tena. Huenda mara hii nikafahamu ni kwa nini."

"Na usipofahamu?"

"Basi itakuwa vivyo hivyo alivyoandika Beryl. Filamu ikitoka, inavyosema ndivyo itakavyokuwa, hata kwangu mimi. Ntalala." Akaweka birika chini. "Lakini kabla ya kulala nataka kuona."

Niliteremka nikiwa nimekasirika, sijui namkasirikia nani.

Hadithi aliyompa Beryl ilikuwa ya sahani, na Beryl, ambaye kwao mambo haya hawana, alikuja kwangu kuelezwa. Nikamweleza. Kwetu jirani akikuletea chakula, sahani yake unairudisha na kitu ndani. Unatia ulichopika, au matunda, au chochote kilichopo, na ikiwa huna kitu kabisa unatia hata sukari kidogo, ili mwenye sahani asione amedharauliwa. Sukari ni ya adabu tu. Unamrudishia mtu yeyote, hata usiyemjua jina. Na kwa kuwa sahani zinazunguka mtaa mzima na kupotea, kila mwanamke ana alama yake chini ya zake. Zangu zina mistari miwili ya buluu. Za Bi Maisara zina tone la rangi nyekundu ya kucha, kwa sababu yeye ni Bi Maisara.

Mara ya kwanza Bramwel aliirudisha sahani tupu, amesugua mpaka inang'aa, akidhani amefanya vizuri. Bi Maisara alinuna kutwa nzima ndipo akakumbuka mgeni hajui, akamfundisha. Baada ya hapo haikurudi tupu hata siku moja. Ilirudi na machungwa, na balbu ya taa, na bawaba mpya za dirisha badala ya zile Bi Maisara alizolalamika kuwa zina kutu, na wakati mmoja na kifaranga hai aliyefunikwa kawa, ambaye alikuja kuwa jogoo akatusumbua mtaa mzima. Alipokatazwa kupanda ngazi, Bi Maisara alikuwa akiteremsha sahani kwa kikapu na kamba kutoka dirishani, kama tunavyonunua mboga, na Bramwel akisimama chini anapokea.

Sahani ya mwisho ilishuka na samaki wa kupaka. Ilirudi asubuhi, imewekwa nje ya mlango wake juu, imefunikwa kawa. Bi Maisara alipofunua akakuta sukari. Mchana akasikia kwamba Bramwel amehama.

"Sukari tupu," alimwambia Beryl mbele yangu, bila kutikisika. "Kama mtu wa kupita."

"Na simu?" Beryl aliuliza. "Hukumpigia?"

"Nimpigie mtu aliyenirudishia sukari?"

Beryl aliniangalia, nami nikatazama dari. Alikuwa amekwisha kumpigia Bramwel huko Naivasha kumwomba ruhusa ya kutumia habari zake. Bramwel alitoa ruhusa lakini hakutaka kusimulia mengi. Alisema kwamba aliuliza swali lake kwa sahani na hakujibiwa, basi naye ameridhika. Beryl alidhani hiyo ni namna yake ya kusema, akaiandika pembeni ili aitumie mahali. Aliponisomea neno hilo lilinikaa kichwani kama uzi unaokataa kuingia kwenye sindano. Swali gani la sukari?

Na kulikuwa na jambo lingine. Siku walipopanga kupiga picha za tukio la sahani, Beryl alimwonyesha Zilpah atakavyofungua mlango na kuikuta kizingitini. Nikamwuliza nani aliyeipandisha.

"Bramwel," Beryl akasema.

"Bramwel hapandi ngazi. Alitoa neno."

"Mama Mwanakuu, alikuwa anaondoka. Neno halikuwa na maana tena."

Bi Maisara alikuwa ameketi kwenye kiti kando ya kamera, na ndivyo alivyofikiri yeye pia kwa miaka yote hiyo, kwamba pamoja na kumwacha alivunja na neno lake. Aliniambia ninyamaze. Nikanyamaza, lakini sikuridhika. Nilimtazama mwanamume yule kila siku akisimama chini ya dirisha kwenye jua kali, na ngazi iko wazi mbele yake, na hakuna wa kumzuia. Mtu wa namna hiyo hapandi siku ya mwisho kupeleka sukari.

Siku ya kupiga tukio hilo ngazi ilijaa watu na nyaya. Zakariya alikuwa amekuja, ingawa alisema hatakuja, akaketi chini dukani kwa Sugrabai na uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino. Alitaka kuhakikisha hawamfanyi mamake kichekesho, na nadhani alitaka pia kuona wanamfanya yeye mtu wa namna gani. Sugrabai ndiye mwenye duka la vifungo na nyuzi chini ya nyumba ya Bi Maisara. Ni mjane kama sisi wengine. Babu zake walitoka Kachi, India, yeye amezaliwa hapo hapo nyuma ya duka, na tangu miguu ianze kumuuma hapandi ngazi mpaka kuwe na sababu. Siku hiyo sababu ilikuwepo. Alipanda polepole, akasimama nyuma ya mtu wa kamera na mto wake wa sindano bado umefungwa mkononi.

Zilpah alifungua mlango. Aliinama, akaichukua sahani, akaondoa kawa. Mimi nilikuwa nimemfunga leso yake vizuri siku hiyo na lazima niseme alifanana. Alitazama ile sukari kwa muda mrefu, hakulia, akatia kidole ndani akaonja, kana kwamba anataka kuhakikisha si chumvi. Bi Maisara alikuwa amemweleza afanye hivyo.

"Sukari hiyo niliitia mimi," akasema Sugrabai.

Beryl akasema, "Kata."

Sugrabai hakuwa amekusudia kusema kwa sauti. Alitutazama, akaona sote tumegeuka, akajaribu kurudi nyuma. Bi Maisara akamwambia asimame pale pale.

"Sukari gani uliitia, Sugrabai?"

"Yako. Ya sahani yako yenye tone. Maisara, hukumbuki? Ni siku ile niliposafiri. Dada yangu alikuwa amefariki kule Bhuj, nakimbilia ndege, teksi iko Makadara yaningoja. Nafungua mlango wa duka alfajiri, naona sahani barazani, kawa juu yake. Nikainua, naona tone jekundu. Nikasema, huyu Maisara na masaibu yake yote amekumbuka msiba wangu. Nikala. Sasa kuirudisha, jikoni nishafunga kila kitu, nina kopo la sukari tu. Nikatia sukari, nikapanda, nikabisha. Siku zile ulikuwa humfungulii mtu. Nikaiweka mlangoni nikaenda zangu."

Baraza ya Sugrabai iko chini ya dirisha la Bi Maisara hasa, pale pale kikapu kilipokuwa kikishuka.

"Ulikula nini?" Bi Maisara aliuliza, na sauti yake sikuitambua.

Sugrabai akaanza kuuzungusha ule mto wa sindano mkononi. "Wataka nikwambie mbele za watu?"

"Sema."

"Mkate wa sinia." Akainamisha kichwa. "Haukuumuka, Maisara. Chini umeungua, katikati mbichi, mgumu nimeukata kwa mkasi. Nikajua ni huzuni imekuharibu mkono. Na mtu akikuletea chakula siku ya msiba, huendi kumwambia kibaya. Niliula wote. Niliporudi safari nikakukuta umekonda, nikaona heri nisikutajie."

"Mimi," akasema Bi Maisara taratibu, "sijapata kupika mkate usioumuka maisha yangu yote."

Kisha akakaa chini kwenye ngazi, yeye aliyekuwa na kiti, na Zilpah aliyevaa nguo zake akakaa karibu naye, wakawa Maisara wawili. Ndipo alipotuambia jambo ambalo hakumwambia Beryl, wala mimi, wala mwanawe. Alikuwa akimfundisha Bramwel kupika mkate wa sinia. Kuloweka mchele, kusaga na nazi, hamira, iliki, kungoja uumuke. Mkono wa Bramwel ulikuwa wa chuma na mkate haukumkubali. Basi wakawekeana ahadi, kwa mzaha mwanzoni. Siku atakayoupika peke yake, atautia katika sahani ya tone jekundu na kumrudishia, na mkate huo ndio utakuwa posa. Bi Maisara akiukubali, amrudishie sahani na chochote. Asipoukubali, asirudishe kitu.

Beryl alikuwa amefunika mdomo kwa karatasi zake. "Aliniambia alikaa stendi ya Mwembe Tayari siku hiyo tangu asubuhi, simu mkononi," alisema. "Akaacha mabasi yapite mpaka la mwisho. Nilidhani alikuwa anatafuta nafasi."

Nilitaka kumpiga mtu. Watu wawili wazima, kila mmoja na simu yake mfukoni, wameachana kwa ajili ya adabu. Huyu hapigi kwa sababu ameletewa sukari, yule hapigi kwa sababu hakuletewa kitu, na wa tatu amekula mkate mbichi kwa mkasi na kunyamaza miaka yote kwa sababu si vizuri kumwambia mtu chakula chake ni kibaya. Na mimi na dirisha langu nilijivunia kuona kila kitu. Alfajiri ile nilikuwa nimelala.

"Basi nimekula posa ya mtu," akasema Sugrabai, machozi yanamtiririka.

Hapo Bi Maisara akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, akamvuta Sugrabai akamkalisha upande wake wa pili, na kamera ilikuwa imezimwa, namshukuru Mungu.

Beryl, kwa kuwa ndiyo kazi yake, aliiwasha akili yake upesi kuliko sisi. Alisema mwisho wa filamu umebadilika. Alitaka kumpiga picha Bi Maisara mwenyewe akiwa jikoni, alitaka kumpigia Bramwel simu pale pale na sauti isikike. Bi Maisara akamkatiza.

"Mwanangu, filamu yako ina ruhusa mpaka kwenye sukari. Onyesha nani aliitia, na kwa nini. Sitaki watu waseme alinirudishia sukari. Lakini baada ya hapo si yako."

"Na Bramwel? Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Wala usimuulize kama ana mke. Na wewe pia, Mwanakuu, nakuona."

Basi siku chache baadaye Sugrabai akaigiza nafasi yake mwenyewe. Alikaa barazani kwake akala mkate mbele ya kamera, tena na tena, kwa sababu kila mara alisahau na kuutazama mkate kwa majuto kabla hajauonja. Mkate wenyewe ilibidi niupike mimi, na nilipata taabu sana kuuharibu. Zilpah alinisaidia, na kumbe huyu mama ana kipaji cha kuharibu mkate.

Juu ghorofani, Bi Maisara alikuwa akipika wake. Alinikataza kuingia jikoni, lakini harufu ya iliki ilishuka ngazi yote mpaka kwenye cherehani yangu. Aliutoa ukiwa umeumuka vizuri, umepiga rangi juu, akauweka katika sahani ya tone jekundu, akaifunika na kuifunga kwa kitambaa ndani ya katoni. Hakutia barua ndani, na juu aliandika jina la Bramwel na Naivasha tu. Akaja nayo mpaka kichwani mwa ngazi, akasimama, akitafuta nani wa kumtuma stendi.

Zakariya alikuwa chini. Tangu siku ile hakuwa amesema neno, amekuja tu kila jioni baada ya kufunga duka lake, anakaa kwa Sugrabai, anapanga vifungo visivyohitaji kupangwa. Alipanda ngazi, akanyoosha mikono miwili.

"Nipa mimi nipeleke, mama."

Bi Maisara alimtazama. "Wajua ni nini ndani?"

"Najua," akasema. "Na ntamwambia kondakta asiuinamishe."

Aliubeba mwenyewe kwa miguu mpaka Mwembe Tayari, mtu mwenye gari. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, akasema ni vumbi la stendi. Sikumtania, ingawa ilinibidi niume ulimi.

Kisha tukangoja. Watu wa filamu wakakunja nyaya zao wakaenda, Beryl akanikumbatia na kuniachia taa moja ndogo ya cherehani. Nilimbana mlangoni nikamwuliza kwa siri kama Bramwel ana mke. Akaapa kwamba hajui, kwamba hakuuliza na yeye hakusema. Nikarudi kwenye cherehani nikakosea mikono ya gauni la watu. Usiku sikulala vizuri. Mwanamume hajafika hamsini, ana mshahara, yuko bara. Kwa nini asiwe na mke? Na akiwa naye, mke huyo ataifungua katoni atasema nini? Bi Maisara yeye alimwagilia maua yake kama kawaida, lakini nilimwona akifungua na kufunga dirisha bila sababu.

Simu ilipigwa kutoka ofisi ya mabasi siku ambayo Zakariya alikuwa amekwenda Malindi. Kuna katoni ya Bi Maisara imetoka Naivasha. Bi Maisara akaniita juu. Alikuwa amekwishavaa, sijui alivaa saa ngapi, na wanja amepaka.

"Nenda unichukulie, Mwanakuu. Usifungue."

"Kwani mimi mtu wa kufungua?"

Alinitazama juu mpaka chini, na alikuwa na haki.

Katoni ilikuwa ile ile aliyoipeleka, imefungwa kwa kamba mpya, fundo juu ya fundo, kazi ya mtu aliyezoea kufunga mizigo ya meli. Nilipoinyanyua mezani ilikuwa nzito. Moyo ukafurahi, halafu ukasimama, kwa sababu sukari nayo ina uzito. Mtu mwenye adabu, mwenye mke na watoto, anayekumbuka alivyofundishwa, anaweza kutia kilo nzima ya sukari na kuifunga vizuri hivyo hivyo. Nilitembea. Nilipofika Makadara nilisimama kivulini mwa duka la simu nikaitikisa karibu na sikio. Haikutoa sauti. Ningeweza kulegeza fundo moja tu, nikachungulia, nikalifunga tena, na mikono yangu ya ushonaji inajua mafundo. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza nataka nini.

Nikasema sitaki kitu, nikaiweka chini ya kwapa, nikaenda. Ni jambo gumu kuliko yote niliyofanya mwaka huu.

Bi Maisara alikuwa ameketi mezani. Niliiweka mbele yake. Akakata kamba kwa mkasi wangu, kisha akasita, akaniambia nigeuke. Nikageuka, nikatazama ukuta, ambapo ametundika picha yake ya varandani, msichana wa mikono mifupi mdomo wazi akiimba. Nilimtazama msichana yule na nikamwombea, sijui kama mtu anaombea picha. Nyuma yangu nilisikia katoni, kisha kitambaa, kisha kimya. Kimya kilikuwa kirefu hata nikaanza kulia bila kujua jibu.

Halafu nikasikia akigonga kitu kwa kidole. Ko, ko, kama abishaye mlango.

"Bado hauumuki," akasema.

Nikageuka. Ulikuwa umelala sahanini bapa kama kifuniko cha sufuria, pembeni mweusi, katikati umebonyea. Bi Maisara alikuwa ameufunika kwa viganja vyote viwili, na uso wake ulikuwa ule wa pichani.

"Lete kisu," akaniambia. "Kile kikubwa. Na ufunge dirisha, Sugrabai asije akanusa."